Maswali ya Kiingereza: “Would” inakaa upande gani?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na “if”. Tumechagua maswali yanayojirudia, tukayafupisha na kuacha majina. Mifano ya Kiingereza imebaki kama ilivyoandikwa, hata yenye makosa, maana mara nyingi kosa ndilo swali lenyewe.

Mimi ni karani wa ofisi moja hapa Posta. Nilimwandikia mteja: “If I would know earlier, I would inform you.” Bosi akaikata kwa kalamu nyekundu bila maelezo. Kwa Kiswahili tunasema “ningejua mapema ningekujulisha”, -nge- huku na -nge- kule. Nimekosea wapi?
Karani, Posta

Umekosea hapo hapo kwenye -nge- ya kwanza. Kiswahili hupachika -nge- kwenye vitenzi vyote viwili, cha sharti na cha matokeo, na ukiiacha upande mmoja sentensi inachechemea. Kiingereza kimegawa kazi. “Would” inakaa upande wa matokeo peke yake. Upande wa “if” hakuna “would”, kuna kitenzi kilichorudishwa nyuma hatua moja ya wakati, na huko kurudi nyuma ndiko kunakomwambia msikilizaji kwamba jambo halipo, tunadhania tu. “If I knew” haielezi habari za jana. Umbo ni la wakati uliopita, maana ni ya sasa hivi: sijui, lakini tuseme ningekuwa najua.

Sasa, kwenye barua yako kuna la pili. Wewe ulikuwa unaeleza jambo lililokwisha pita, mteja ameshapata hasara yake. Hapo hatua moja haitoshi, unarudi mbili: “If I had known earlier, I would have informed you.” Kwa Kiingereza cha ofisini cha kila siku, “I would have let you know” ingesomeka vizuri zaidi, kwa kuwa “inform” ina ukavu wa tangazo la serikali.

Hili la wakati ndilo linalowaponza wengi Dar kuliko hata “would” yenyewe. Vitabu vya sarufi vinatufundisha -nge- kwa linaloweza kuwa bado na -ngali- kwa lililokwisha kupita, na vinakataza kuzichanganya katika sentensi moja. Mtaani -ngali- imebaki zaidi kwenye maandishi na mitihani. Kwenye daladala -nge- inabeba yote: “ningejua ningekuja” inaweza kuwa ya harusi ya Jumamosi iliyopita au ya kikao cha kesho, na mazungumzo ndiyo yanayoamua. Kiingereza hakimwachii msikilizaji aamue. Kwa hiyo kabla hujaandika, jaribu sentensi yako kichwani kwa -ngali-. “Ningalijua ningalikujulisha” inakubali vizuri? Basi Kiingereza chake ni “had” upande wa sharti na “would have” upande wa matokeo. Ikikataa, rudi hatua moja tu.

Tuchukue “ningekuwa na gari ningekupeleka Mbagala”. Uliza kwanza: gari ninalo? Sina, kwa hiyo tunadhania. Uliza tena: safari ni ya sasa au ilishapita? Ni ya sasa. “Have” inakuwa “had”, na upande wa pili unapewa “would”: “If I had a car, I would take you to Mbagala.” Kama safari ilikuwa jana: “If I had had a car, I would have taken you to Mbagala.” Hizo “had” mbili zinazofuatana si kosa la uchapaji. Ya kwanza ni kitenzi kisaidizi, ya pili ndiyo “kuwa na” yenyewe. Na popote penye “would”, unaweza kuweka “could” ukimaanisha ningeweza, au “might” ukimaanisha huenda ninge-.

Kila upande unaangalia saa yake. “Ningesoma uhasibu, sasa hivi ningekuwa benki” ina sharti la zamani na matokeo ya leo, na Kiingereza kinafuata hivyo hivyo: “If I had studied accounting, I would be working in a bank now.” Sentensi ya namna hii haipo kwenye zile namba za shuleni, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Namba hizo zinakupatia alama kwenye mtihani. Kwenye mazungumzo zinamfanya mtu akwame katikati ya sentensi akitafuta ni namba ngapi.

Lakini mbona Wamarekani kwenye tamthilia wanasema “if I would have known”? Nimesikia kwa masikio yangu.
Mtazamaji, Sinza

Umesikia sawasawa. Marekani inasemwa sana midomoni, na Uingereza utasikia ndugu yake, “if I'd have known”. Wanaosema hawakosi kueleweka. Ila wahariri na wasahihishaji wa mitihani wanaikata, na msomaji wa barua ya maombi ya kazi hajui kama wewe umeitoa kwenye tamthilia au kwenye -nge- ya Kiswahili. Atadhani la pili.

Mwalimu wetu anasema “will” haikai kamwe baada ya “if”. Kwenye filamu mhudumu alimwambia mgeni “If you will follow me, sir”. Na kaka yangu husema “I don't know if he will come” na hakuna anayemsahihisha. Tumfuate nani?
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Temeke

Mwalimu amekupa kanuni inayofanya kazi kwenye sentensi nyingi mno, na usiitupe. “Mvua ikinyesha sana, watafunga barabara ya Jangwani” ni “If it rains heavily, they will close the road at Jangwani.” Mvua ni ya kesho, lakini “rains” iko katika wakati uliopo. “If it will rain” tunaipata kutoka kwenye “kama itanyesha”, ambayo kwa Kiswahili haina shida yoyote. Dawa ni kuianza sentensi kichwani kwa -ki- badala ya “kama” na -ta-. “Ikinyesha” haina -ta- ndani yake, na Kiingereza nacho hakitaki “will” hapo.

Kaka yako yuko sawa kwa sababu “if” yake si ya sharti. Ni “kama” ya kuuliza: sijui kama atakuja. Jaribu kuweka “whether” mahali pake. “I don't know whether he will come” inasimama, kwa hiyo “will” inaruhusiwa. “Whether it rains heavily, they will close the road” inaanguka, kwa hiyo ile ni sharti na “will” inabaki nje.

Mhudumu wa filamu naye yuko sawa, kwa sababu nyingine. “Will” yake haielezi wakati ujao, inaeleza ridhaa: ukiridhia kunifuata. “Would” ni laini zaidi: “If you would sign here, please.” Na hapa ndipo karani wetu wa Posta atakaposhtuka, maana barua za ofisi zimejaa “I would be grateful if you would send the invoice by Friday”. “Would” mbili, na bosi hataigusa. Ya kwanza ni ya matokeo, ya pili ni ya kumwomba mtu hisani. Ukitaka kujua kama inafaa, angalia nani yuko upande wa “if”. Akiwa mtu unayemwomba afanye jambo, “would” inapita. Mvua huwezi kuiomba hisani.

Zipo mbili nyingine utakazokutana nazo. “If it will help, I'll come with you” inakubalika kwa kuwa msaada utapatikana baada ya mimi kuja, ni matokeo na si sharti la kutangulia. Na mtu akiitamka “will” kwa uzito, analalamikia ukaidi: “If you WILL leave the window open, don't complain about the mosquitoes.” Kwenye mtihani wako hizi huenda zisitokee. Andika kama mwalimu alivyokufundisha.

Naendesha bajaji Mikocheni. Mgeni akiingia mgahawani namwambia “If you finish, call me”. Wengine wananitazama kama nimewatania. Tatizo ni lafudhi?
Dereva, Mikocheni

Lafudhi haina kosa. Tatizo ni kwamba -ki- yetu inafanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezitenga. “Ukimaliza nipigie” haina shaka hata kidogo kwamba atamaliza. “If you finish” inaacha mlango wazi kwamba huenda asimalize, na mtu aliyeagiza sahani moja ya samaki anajiuliza unamaanisha nini. Mwambie “Call me when you're done”, au “When you finish, call me”. Usiseme “when you will finish”. “When” nayo inaikataa “will” hapo.

Kipimo ni -po-. Badili -ki- iwe -po- uone kama maana inabaki. “Utakapomaliza nipigie” inakaa vizuri, kwa hiyo ni “when”. “Utakapopotea njia nipigie” inasikika kama unamtabiria, kwa hiyo ni “if”: “If you get lost, call me.” Anayezungumzia urithi wake kwa Kiingereza husema “when I die”, maana kufa kupo. “If I die” ni ya anayeingia chumba cha upasuaji.

“If I was you” au “If I were you”? Mtoto wangu ameambiwa ya kwanza ni kosa, na mimi nimeisema miaka yote.
Mzazi, Tabata

“If I were you” imeganda, itumieni wote wawili. Kwenye sentensi nyingine za kudhania, kama “if she was here” na “if she were here”, zote husemwa na wenyewe, ila kwenye mtihani na barua rasmi aandike “were”. Angalizo moja ambalo walimu huliruka: kama jambo si la kudhania, ni la jana na huenda lilitokea kweli, “were” haifai. “If I was rude yesterday, I'm sorry” lazima ibaki “was”.

“Kama si foleni ningefika saa mbili” nisemeje? Na ile “ingekuwa mimi…”?
Msafiri wa kila siku, Tegeta

Kama saa mbili ilishapita: “If it hadn't been for the traffic, I would have arrived at eight.” Kama bado uko njiani, unampigia mtu: “If it weren't for the traffic, I'd be there by eight.” Saa mbili ya asubuhi ni “eight”, hilo nalo limewachelewesha wengi. Usitafsiri foleni kwa “queue”, ambayo Waingereza huitumia zaidi kwa watu waliopanga mstari. Foleni ya magari ni “traffic”.

“Ingekuwa mimi ningeuza” ina mwenzake kamili: “If it were me, I'd sell it.”

Naagiza viatu kutoka nje. Nilimwandikia muuzaji: “Unless you don't ship the container until Friday, I will cancel the order.” Akajibu hajaelewa kama nataka asafirishe au asisafirishe. Siku tatu zikapotea kwa kuulizana.
Mfanyabiashara, Kariakoo

Tuisome meseji yako kama alivyoisoma yeye. “Unless” imeshabeba kanusho ndani, maana yake ni “isipokuwa kama”. Wewe ukaongeza “don't”. Ikawa: nitafuta oda isipokuwa kama hutasafirisha. Yaani akisafirisha ndipo unafuta, asiposafirisha mko salama. Kinyume kabisa cha ulichotaka. Chanzo ni “usiposafirisha”. Ukanushi uko ndani ya -sipo-, na ukiipeleka vipande vipande unajikuta umeweka “unless” kwa ajili ya sharti na “don't” kwa ajili ya ukanushi.

Halafu “until Friday”. “Hadi Ijumaa” ya Kiswahili inabeba mawili, mwisho wa muda na muda wote unaoendelea. Kiingereza kinataka “by Friday” kwa mwisho. “Don't ship until Friday” maana yake ni usisafirishe sasa, subiri Ijumaa ifike. Katika sentensi moja umempa mafumbo mawili, na mtu huyo pengine naye Kiingereza si lugha yake ya nyumbani.

Andika hivi: “If you don't ship the container by Friday, I will cancel the order.” Ungeweza kuandika “Unless you ship the container by Friday” na ingekuwa sahihi, ila kwenye mambo ya pesa tunashauri “if” na “don't” kila mara. “Don't” inaonekana waziwazi hata kwa msomaji aliyechoka. Akiisoma “unless” kama “if”, haoni chochote, anaendelea.

Kuna mahali “unless” haiingii hata ukiwa makini. Kwenye kudhania: “If you weren't my customer, I wouldn't give you credit”, huwezi kuianza kwa “unless”. Na pale ambapo kutokutokea kwa jambo ndiko kunakoleta hali yenyewe: “I'll be surprised if he doesn't pay.” Mshangao unaletwa na kutolipa, kwa hiyo “unless” haipati pa kukaa.

Kwa kuwa uko kwenye mizigo, shika na “in case”, maana wengi wanaifanya pacha wa “if”. “Send me the container number if the ship is late” inamwambia asubiri, meli ikichelewa ndipo atume. “Send me the container number in case the ship is late” inamwambia atume leo, meli isije ikachelewa ukakosa pa kuulizia. Tofauti ni siku ya kutuma. Kwenye kuta za majengo utaona “In case of fire, use the stairs”, na pale maana ni “moto ukitokea”. Hiyo “of” ndiyo inayobadilisha kazi yake. Usiihamishie kwenye meseji isiyo na “of”.

Kwa baki ya malipo, “I will pay the balance provided that the goods pass inspection” ni ya mkataba, na “as long as the goods pass inspection” ni ya kuongea. Zote mbili zinafuata kanuni ya “if”: hakuna “will” baada yake.

Niko mapokezi ya hoteli Masaki. Mgeni alisema “Would you mind if I opened the window?” Nikajibu “Yes, sir” kwa adabu zote. Akabaki ananitazama, dirisha hakufungua.
Mhudumu, Masaki

Alikuuliza kama ungekerwa. Ukamjibu ndiyo, nitakerwa. Jibu la kumruhusu ni “No, not at all”, au “Not at all, go ahead”. Wenyewe hujibu pia “Sure, go ahead”, ambayo kwa mantiki haifai lakini kila mtu anaielewa kwa sababu ya “go ahead”. Hilo ndilo neno la kulishika. Hata ukikosea mwanzo, mwisho wake utakuokoa.

Kuna mtego wa pili kwenye umbo. “Would you mind if I opened the window?” ni yeye atakayefungua. “Would you mind opening the window?” anakutaka wewe ufungue. Ukisikia -ing bila “if I”, inuka. Na “opened” hapo si ya jana, ni ule ule mrudio wa nyuma tuliomweleza karani. Hapa hautumiki kusema jambo haliwezekani, unatumika kupunguza makali ya ombi. Akianza kwa “Do you mind”, kitenzi hakirudi: “Do you mind if I open the window?” Kwetu -nge- nayo inafanya kazi hiyo hiyo ya adabu, kama kwenye “ningependa chumba cha ghorofani”, na hapo zinalingana moja kwa moja: “I would like a room upstairs.” Usimwambie mgeni “I want”, hata kama mtaani “nataka” haina ubaya.

Nikisoma naelewa, nikisikiliza nasikia “d” tu. “If I'd known, I'd've come.” Hizo “d” ni zipi?
Msikilizaji wa podikasti, Ubungo

Ya kwanza ni “had”, ya pili ni “would”, na hiyo “ve” ni “have”. Masikio hayatakusaidia kuzitenganisha kwa sababu zinatamkwa sawa. Sikiliza neno linalofuata. Likiwa kitenzi cha kawaida kisichobadilika, “I'd go”, ni “would”. Likiwa umbo la tatu la kitenzi, “I'd gone”, ni “had”. Likiwa “have” au “ve”, ni “would”. “You'd better hurry” ni “had”, “I'd rather walk” ni “would”, hizo zishike kama zilivyo.

Vipo vitenzi ambavyo umbo la kwanza na la tatu ni moja, kama “put”, “cut”, “come” na “run”. Hapo tumia mahali. Baada ya “if”, “d” karibu kila mara ni “had”: “If I'd put it in the bag, I'd know where it was.” Zinazovunja utaratibu ni za hisani, “if you'd like some tea”, “if you'd wait a moment”, na hizo utazijua kwa kuwa mtu anakukaribisha au anakuomba.

Na kwa kuwa “would've” inasikika kama “would of”, utakuta watu waliozaliwa na Kiingereza wanaiandika hivyo kwenye mitandao. Usiwaige. Hakuna kitenzi “of”. Unapojizoeza kutamka, usikazie “would” wala “have”, nguvu iende kwenye kitenzi: “I would've COME.” Ukitamka maneno yote kwa uzito mmoja unaeleweka, ila utachoka, na ukiwasikiliza wao utazikosa kwa sababu unategemea kuzisikia zikiwa nzima.

Kuna barua inaanza “Should you have any questions”. “If” imeenda wapi? Na koma inawekwa lini?
Msaidizi wa ofisi, Upanga

“If” imeondoka, na kitenzi kisaidizi kimesogea mbele kukaa mahali pake. Inawezekana kwa visaidizi vitatu tu: “should”, “had” na “were”. “Should you have any questions” ni “ukiwa na maswali”. “Had I known” ni “if I had known”. “Were we to accept the offer” ni “kama tungekubali pendekezo hilo”, na inafaa zaidi kwenye majadiliano ya mkataba kuliko kwenye meseji. Ukikanusha, “not” haifuatani na kisaidizi mwanzoni: andika “Had it not rained”, usiandike “Hadn't it rained”, ambayo inageuka kuwa swali. Baada ya “should you” kitenzi hakipokei -s wala -ed, hata mtendaji akiwa mmoja: “Should the client call, please take a message.”

Usizirundike. Moja mwishoni mwa barua inatosha, na kwenye WhatsApp “if you have any questions” ndiyo ya kawaida.

Koma: sharti likitangulia, iweke. Sharti likija nyuma, iache. “If the ferry is late, call me.” “Call me if the ferry is late.” Pantoni ni “ferry”.